Sakafuni Hakuna Kitu Chako

Kitanda kile Fundi alikitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, miezi michache kabla ya kuoa, na ndiyo maana kukikosa kulimuuma kuliko mgongo wenyewe. Si kwamba mkewe alimfukuza. Alijifukuza mwenyewe, kwa akili zake timamu, na alipokwisha kujifukuza akawa mkali kwa kila mtu kana kwamba majirani ndio waliomtoa chumbani.

Hadithi ya mgongo ni fupi na ina aibu kidogo. Karakanani kulikuwa na kabati la milango mitatu, limekwisha kupigwa msasa na kupakwa rangi, linangoja kupakiwa. Mwenzake wa kubeba alikuwa ametoka kununua misumari, akasema anarudi sasa hivi. Fundi hakuwa mtu wa kungoja sasa hivi ya mtu. Akalikumbatia kabati peke yake, akaliinua, akageuka nalo, na hapo kitu kikalia kiunoni kama kijiti kikavu. Kabati alilitua salama, bila hata mkwaruzo, na jambo hilo alimsimulia kila aliyekuja kumpa pole. Yeye mwenyewe alitoka karakanani akitambaa.

Daktari alimpima akamwambia kwamba moja ya diski laini zilizo kati ya pingili za mgongo imetokeza, na sasa inaugusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana mguu wa kushoto ulikuwa unachoma mpaka kisiginoni.

"Wengi hupona bila kupasuliwa, mzee," akasema daktari. "Ila usibebe mizigo, usiiname kwa kuukunja mgongo, na usishinde umelala. Tembea. Ukipata nafuu, fanya mazoezi mepesi na mtu anayejua."

Fundi aliyasikia yote hayo, akaondoka na aliyoyataka. Kuhusu kunyooka, alijiona ana elimu yake tayari. Ubao ukipinda unaulaza juu ya sakafu tambarare, unauwekea uzito, unauacha hapo mpaka utii. Kwa hiyo akalivuta godoro jembamba la wageni, akalitandika sebuleni kati ya meza na televisheni, akajilaza chali akitazama dari. Daktari hakumwambia afanye hivyo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Lakini ukishakuwa fundi mkuu wa mtaa, unazoea kutouliza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na tangu wapate mabinti wao pacha mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Mabinti walikwisha kuolewa, kila mmoja na kwake, na nyumba ilibaki ya wazee wawili. Mchana kutwa kila mtu alikuwa na kazi yake, huyu na cherehani, yule na randa. Wakishapanda kitandani ndipo mazungumzo yalipoanza: binti yupi kapiga simu, nani kampita nani bila salamu, paa la jikoni lizibwe sasa au lingoje. Mambo yote makubwa ya nyumba ile yaliamuliwa na watu waliolala.

Sasa walizungumza kupitia ukutani.

"Baba Pacha! Umefunga mlango wa nyuma?"

"Nimefunga!"

"Na dirisha la jikoni?"

"Na dirisha!"

Usiku mmoja jirani wa upande wa pili akawaitikia kwamba hata yeye amefunga. Kuanzia hapo Mama Pacha akanyamaza. Nyumba ikawa kimya mapema, na kimya kile Fundi hakukipenda hata kidogo. Alikuwa amelala na sauti ya mwanamke yule sikioni tangu ujana wake. Bila sauti hiyo alijigeuza huku na huku, na kila kujigeuza ni balaa jingine.

Asubuhi moja, akimmiminia chai, Mama Pacha akasema, "Kuna jambo nataka kukuambia."

"Niambie."

"Si la mezani. Wala si la kupigia kelele. Ukirudi kitandani utalisikia."

Hapo Fundi akashikwa pabaya. Alikuwa mtu wa kupenda kujua, na mkewe alimjua vizuri. Alimbembeleza, akamtega kwa maswali ya pembeni, akajifanya hajali. Wapi! Mama Pacha akaendelea na kikombe chake. Basi mchana ule Fundi akajaribu kukipanda kitanda. Kulala alilala, lakini kuamka kukamshinda, mpaka mkewe akaja kumbingirisha kama gogo. Tangu siku hiyo akaanza kukiogopa kitanda chake mwenyewe, na hilo hakumwambia mtu.

"Jumamosi tunakwenda wote," akasema Mama Pacha.

Yeye alikuwa akienda kwenye darasa la yoga kwa ajili ya magoti yake, katika ukumbi ulio juu ya maktaba. Fundi alikuwa ameyadharau mambo hayo siku zote, akiyaita kujinyoosha kwa watu wasio na kazi. Lakini jambo lile lisilosemwa lilikuwa linamtekenya, na hamu ya kurudi mahali pake ilikuwa kubwa kuliko dharau. Akavaa suruali ya michezo ya mkwe wake, iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu, akaenda.

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana, mrefu, aliyewahi kufanya kazi hospitalini kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wa kila umbo. Mchangamfu kuliko wote alikuwa Dereva, mstaafu wa mabasi ya masafa marefu, ambaye kila watu wakilazwa kupumzika mwishoni mwa darasa hukoroma kabla wengine hawajafumba macho.

"Shikamoo, baba," Mwalimu akasema. "Mama ameniambia una mgongo."

"Marahaba. Kila mtu ana mgongo."

"Wa kwako unasemaje?"

Fundi akaeleza kwa mkato. Mwalimu akamsikiliza, akauliza daktari amesema nini hasa, maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi, akikaa inakuwaje, akitembea inakuwaje. Kisha akasema, "Basi sikiliza. Kuna kuvutika na kuna kuumia. Msuli ukivutika, kaa hapo, pumua. Ukisikia kitu kinachoma, au kinashuka mguuni, hiyo ni breki. Hatupunguzi mwendo hapo. Tunasimama."

"Breki waniachie mimi," akadakia Dereva kutoka mkeka wa jirani.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Walipiga magoti na viganja chini, wakauinua mgongo kidogo na kuushusha kidogo, kwa pumzi. Fundi hakuona ubaya. Walilala chali, wakakunja magoti, wakainua nyonga polepole na kuzishusha polepole zaidi. Hata akaanza kuona raha fulani aliyoificha usoni. Kisha Mwalimu akawasimamisha wote, akaja akamwekea Fundi mbele ya miguu vipande viwili vya sponji ngumu, kila kimoja ukubwa wa tofali.

"Sasa tutainama, lakini kutoka nyongani, si kiunoni. Legeza magoti. Mgongo uwe mrefu. Mikono yako itatua hapa juu, isiende chini zaidi. Wengine wataenda chini, wewe waache."

Fundi akavitazama vile vipande. "Hizi ni kabari."

"Ni matofali tu, baba. Yanakuletea sakafu juu."

"Kabari," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Na kweli alitukanwa, kwa hesabu zake. Kabari ni kile kipande cha mbao kinachosukumwa chini ya mguu wa meza inayoyumba, na mafundi wengine hawana ugomvi nacho. Fundi huyu alikichukia. Aliwahi kuingia katika mkahawa mmoja akakuta meza aliyoitengeneza yeye imewekewa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu. Aliwaomba wateja wanyanyue sahani zao, akaipindua meza, akaibeba kichwani mpaka karakanani. Chakula cha watu kikapoa. Kesho yake aliirudisha ikiwa imerandwa miguu, akaipiga kofi juu, ikatulia, akaondoka bila kuaga. Kitu chake kilikuwa kinasimama chenyewe au hakikuwa chake.

Basi akangoja Mwalimu ageuke kumsaidia mwanafunzi mwingine. Akayasukuma yale matofali pembeni kwa kidole cha mguu. Akajikaza kisabuni, akanyoosha magoti, akainama, akainama tena, akajisukuma kwa ubishi wote aliokuwa nao, na ncha za vidole vyake zikagusa sakafu.

Furaha yake haikumaliza hata pumzi moja. Moto ukamshuka kutoka kiunoni mpaka kisiginoni, naye akabaki pale pale amekunjika, jasho linamdondoka puani.

"Fundi," akanong'ona Dereva, "umeangusha kitu?"

Mama Pacha alikuwa wa kwanza kuona, akapiga ukelele mdogo. Mwalimu akaja mbio bila kuonyesha kwamba anakimbia. "Usinyanyuke kwa nguvu. Kunja magoti. Zaidi. Weka mikono kwenye mapaja. Sasa tunashuka pamoja, kwa ubavu." Akamlaza, akamgeuza chali taratibu, akaleta kiti na kumpandishia miguu juu yake, magoti yamekunjwa, mpaka mgongo ukakaa sakafuni bila kulazimishwa. Moto ukarudi nyuma kidogo kidogo. Fundi akawa anapumua kama alivyoambiwa, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nani alikutuma uiguse sakafu?" Mwalimu akauliza kwa upole.

"Nilitaka kufika."

"Kufika wapi? Sakafuni hakuna kitu chako, baba."

Daktari alimwona tena, akamwuliza maswali ya ganzi na ya choo ambayo Fundi aliyaona hayana adabu, akamgongagonga magoti, akasema hakuna jipya lililoharibika. Ameuchokoza tu. Aanze upya, pole pole, na amsikilize yule mwalimu. Fundi akarudi nyumbani amenuna. Akasema harudi tena kule, si mahali pa watu wa kazi. Akalala kwenye godoro lake la sebuleni, akavuta shuka mpaka kidevuni, saa ya mchana.

Mama Pacha akamsimamia kichwani, mikono kiunoni.

"Mimi sikuolewa na sebule, Baba Pacha."

"Mgongo unauma."

"Najua unauma. Mimi ndiye ninayekuvalisha soksi. Lakini umeambiwa ushike pale, ukaona pale ni padogo kwako. Haya, tumekoma wote. Unalala sakafuni? Lala. Lakini hata chumbani kuna sakafu!"

Akaliburuta godoro mwenyewe, kwa hasira, mpaka chumbani, akalitandika kando ya kitanda. Fundi akamfuata. Kuna nyakati mwanamume anajua kwamba amefikishwa mwisho, na hiyo ilikuwa mojawapo. Tena moyoni alifurahi, maana sasa alimsikia mkewe akipumua.

Jambo lile hata hivyo hakuambiwa. "Nimesema kitandani," Mama Pacha akakumbusha. "Godoro si kitanda."

Siku zikaenda. Kila asubuhi, baada ya matembezi yake ya kwenda mpaka kona na kurudi, Fundi alilala chali na kupandisha miguu kitini, kama Mwalimu alivyomfanyia. Hilo alilikubali kwa sababu lilikuwa na nafuu. Asubuhi moja akiwa katika hali hiyo, penseli yake ikamchomoka nyuma ya sikio, ikabingirika mvunguni. Alikuwa amestaafishwa kwa muda lakini penseli hakuivua. Akageuza kichwa pole pole, akanyanyua ncha ya shuka lililoning'inia, akachungulia.

Aliiona penseli. Kisha akaona kitu kingine.

Kitanda kile kilikuwa na matendegu manne, yote ya mbao ngumu, yote aliyachonga yeye. Matatu yalikanyaga sakafu. La nne, la pembeni karibu na ukuta, lilikanyaga kipande kidogo cha mbao.

Fundi alikitazama kile kipande mpaka macho yakamwuma. Angewahi kushika ufagio chumbani mle hata mara moja katika maisha yake ya ndoa, angekijua zamani.

"Mama Pacha!"

Mama Pacha akaja mbio na sindano mdomoni, roho juu, akidhani mgongo umekatika kabisa. "Nini? Nini?"

"Nani ameweka kabari chini ya kitanda changu?"

Mama Pacha akaitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye blauzi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kwanza alitazama dirishani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Ungekuwa na heshima usingecheka," akasema Fundi.

"Mimi. Nani mwingine? Tangu mwaka ule wa kwanza."

"Mwaka wa kwanza! Yaani kabla ya mapacha?"

"Kabla ya mapacha. Kitanda kilikuwa kinayumba, nikakuambia. Ukasema hakiwezi kuyumba, umekipima. Nikakuambia tena, ukanuna siku nzima. Basi ulipokwenda kazini nikaokota kipande kwenye mabaki yako, nikakisugua kwa msasa wako, nikakisukuma. Jioni ukalala, ukasema, 'Unaona? Nilikuambia hakiyumbi.'"

Fundi alikumbuka. Alikumbuka hata sauti yake mwenyewe, ilivyojaa. "Umenilaza juu ya kabari maisha yangu yote."

"Nimekulaza vizuri maisha yako yote." Sasa hakuwa anacheka. "Kitanda chako hakina kosa, Baba Pacha. Hakijawahi kuwa na kosa. Sakafu ndiyo imezama pale pembeni. Ulitaka nifanye nini, nikate matendegu matatu mazima ili yafanane na sakafu mbovu?"

Fundi akakumbuka. Hilo ndilo alilolifanya kwenye ile meza ya mkahawa. Aliranda miguu mizuri isiyo na hatia, akaifupisha, kwa sababu ya sakafu ya mtu, na akatoka pale amevimba kichwa.  Akakitazama tena kile kipande, jinsi kilivyokaa sawasawa, hakikuzidi wala hakikupungua, kingo zake zimelainishwa mpaka zinang'aa kwa miaka ya kufagiwa.

"Nani alikufundisha kukisawazisha hivi?"

"Nilikuwa nakuangalia ukifanya kazi. Ulikuwa hujui kama nakuangalia?"

Hakuwa anajua. Kicheko kikamjia bila ruhusa, kikamgusa mgongo, akasema aa, akacheka tena kwa uangalifu zaidi, miguu bado iko kitini. Mama Pacha akashuka akakaa naye sakafuni, wakacheka wote wawili mpaka machozi.

"Leo ni siku gani?" Fundi akauliza alipotulia.

"Alhamisi."

"Jumamosi tunakwenda."

Alasiri ile akaenda karakanani, si kubeba kitu, kutengeneza tu. Kabla ya kushika randa alilitazama benchi lake la kazi, alilokuwa akiliinamia tangu ujana, akaona wazi kwamba ni fupi kwa mtu wa kimo chake. Akamwomba mwenzake wa kubeba anyanyue upande mmoja, kisha wa pili, akasukuma vipande vya mbao chini ya miguu yote. Benchi likapanda. Fundi akasimama mbele yake wima, akaranda, na kwa mara ya kwanza hakuwa ameinama. Mwenzake alimtazama kama mtu aliyeona mwezi mchana. 

Kazi aliyoifanya pale ilikuwa ndogo, ila aliifanya kwa roho yote. Matofali mawili ya mbao nyepesi, kingo za mviringo ili zisiume viganja, yamepigwa msasa mpaka yakawa laini kama shavu. Ijumaa akayapaka mafuta, akayaanika.

Jumamosi aliyatoa kwenye mfuko mbele ya darasa zima, akayapanga mbele ya miguu yake. Mwalimu akayaona, akayachukua, akayageuza.

"Baba, hizi si kabari?"

"Kabari hasa," akasema Fundi. "Tena za mbao nzuri."

Wakainama. Fundi akalegeza magoti. Akaanzia nyongani, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba yake, na mgongo ukabaki mrefu. Mikono ikatua juu ya mbao, mapema, juu kabisa. Wengine walikwenda chini zaidi. Mama Pacha, na magoti yake mabovu, aliigusa sakafu kwa kiganja kizima. Fundi alimwona kwa jicho la pembeni na hakumfuata. Nyuma ya mapaja kulivutika, akakaa hapo akipumua. Mguuni hakukushuka kitu. Alingoja kile kiburi chake cha zamani kimsukume, na kiburi kilikuwapo, lakini hakikupewa nafasi.

"Leo umegusa nini?" Mwalimu akamwuliza wakati wa kupumzika.

"Nimegusa kazi yangu."

"Fundi," akaita Dereva kutoka mkekani, macho tayari yamefumba, "na mimi nitengenezee, ila ndefu." Kabla hajajibiwa, akaanza kukoroma.

Nafuu haikuja siku moja. Kulikuwa na wiki nzuri na wiki za kurudi nyuma, na mara moja alipiga chafya akiwa amekaa vibaya, akalala siku nzima miguu iko kitini. Lakini alijifunza kuisikia breki kabla haijapiga kelele. Alijifunza kuamka kwa ubavu, magoti kwanza, mkono ukisukuma, bila kukunja kiuno. Matembezi yake yakapita kona. Moto uliokuwa unafika kisiginoni ukaishia kwenye goti, kisha kwenye paja, kisha kukawa na asubuhi alizosahau kuutafuta.

Jumamosi moja, wakitoka darasani, Fundi alipitia karakanani akachukua pimamaji, kile kipimo chenye tone la hewa ndani ya maji. Alipofika chumbani akakiweka juu ya ubao wa kitanda. Zamani alikipima kitanda hiki karakanani, kwenye sakafu yake iliyonyooka, akaridhika. Chumbani hakuwahi kukipima. Tone likayumba kushoto, likayumba kulia, likatulia katikati kabisa.

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni, khanga begani. "Sasa unaitoa ile kabari?"

"Nani aitoe? Iguse mtu anione."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akajilaza kwa ubavu, magoti yamekunjwa, mto kati ya magoti kama alivyofundishwa. Akangoja. Hakuna kilichochoma. Akajaribu kuinuka, akainuka. Akajilaza tena, safari hii kwa raha zake, akapigapiga nafasi iliyo mbele yake.

Mama Pacha akaja akalala, uso kwa uso naye. Ilikuwa saa ya mchana, madirisha wazi, na hapo nje jirani alikuwa anafua huku akiimba. Walitazamana kidogo kama wageni.

"Haya," akasema Fundi. "Nimefika. Lile jambo."

 Mama Pacha alisema kwa sauti ndogo sana, ile sauti ya zamani, isiyofika hata ukutani.

"Niliogopa. Ulipotoka kule karakanani ukitambaa, na wewe unamsimulia kila mtu habari za kabati. Nikawa nalala hapa nanyoosha mkono, nakuta shuka. Nikasema, hivi ndivyo itakavyokuwa siku moja. Kitanda hiki ni kikubwa mno kwa mtu mmoja, Baba Pacha. Ndilo hilo tu nilitaka kukuambia."

Fundi hakuwa hodari wa maneno ya namna hiyo. Akatafuta cha kusema, akapata kile alichokijua.

"Nilikipima cha watu wawili," akasema.

"Najua," akasema Mama Pacha, akajifuta jicho kwa ncha ya khanga. "Sogea huku. Ila usijipinde."